Kiganja Kwenye Rejeta

Baba yangu mkubwa alikuwa na viganja vipana kama sepetu, na watu walisema ndiyo sababu akapewa kazi ya kuziba ndiva. Uongo. Alipewa kwa sababu babu yake alikuwa nayo. Lakini viganja vilikuwa vipana kweli, akikushika bega unajua umeshikwa.

Ndiva, kwa asiyejua, ni bwawa la udongo. Kwetu Mamba, juu milimani, maji ya kijito yanaachwa yajae humo usiku kucha, asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanashuka na mfereji mpaka kwa mwenye zamu. Leo wewe, kesho jirani, keshokutwa yule wa ng'ambo. Jioni baba mkubwa alikuwa akiliziba tundu kwa udongo mwekundu uliokandwa na magamba makavu ya mgomba, halafu udongo ukiwa bado mbichi anabonyeza kiganja chake juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kufuli yetu. Asubuhi ukikuta kiganja kimeharibika, maji yameibwa. Ukikikuta kizima, watu wote wanyamaze.

Sasa mwaka mmoja wa kiangazi kikali, nami nimeshapata zamu yangu mwenyewe na shamba la maharage, maji yakawa yanapungua huku kiganja kizima. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya tatu watu wanasogea pembeni wawili wawili. Nani awezaye kufungua na kuziba tena kwa kiganja kilekile? Mwenye kiganja. Wakakumbuka kwamba magimbi ya mke wake yamestawi kupita ya wengine. Nami nitasema kweli, maana sina tena wa kumwogopa: hata mimi nilimshuku. Nilikwenda kwenye yale magimbi nikachimba kwa kidole nione kama chini kuna unyevu. Akanikuta nimechuchumaa.

“Unatafuta nini, mwanangu?”

“Natafuta kisu changu, baba.”

“Kisu chako kiko kiunoni.”

Akapita zake. Baada ya siku kadhaa, mzee mmoja aliyekuja kunawa miguu akamwona kaa anaingia kwenye ukuta wa ndiva, upande ule wa mbali kabisa na tundu. Wakachimba. Kaa walikuwa wametoboa njia ya kupitisha mkono mzima, maji yanatokea huko na kupotelea korongoni, na sisi tumekaza macho kwenye kiganja. Basi ikapikwa dengelua, pombe yetu ya miwa. Kila aliyekuwa amemtaja baba mkubwa kwa ubaya alishika kibuyu, akanywa funda la kwanza mbele yake, kisha akampa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: aliyeshuku ndiye anayeanza kunywa, na hapo neno limekufa. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Nilipompa kibuyu alisema tu, “Umekipata kisu?”

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msomaji akiona nazunguka asidhani nimepotea. Ninakokwenda nakujua.

Niliteremka Same miaka ile baada ya vita kuu ya pili. Maharage yalikuwa yameungua shambani na watu walihitajika kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare. Mke na zamu yangu ya maji niliviacha mikononi mwa baba mkubwa. Nilianza kukata mkonge, lakini miiba yake na mimi hatukupatana, na siku moja msimamizi alipouliza nani anaweza kubeba injini upande mmoja nikanyoosha mkono. Ndivyo nilivyoingia karakana. Wiki ya kwanza tu mkanda wa feni wa lori ukanichukua ncha ya kidole cha kati, mkono wa kulia. Kikumbuke hicho kidole.

Mkubwa wa karakana alikuwa fundi wa Kihindi mwenye kilemba. Tulimwita Kalasinga, kama watu walivyowaita wote wa kilemba na spana, naye hakukasirika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalichoma. Juu yake alikuwepo Mzungu meneja wa shamba, ambaye wote tulimwita Bwana. Na Bwana alikuwa na gari.

Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili tu, limeundwa kabla ya vita, kwa hiyo hata wakati ule lilikuwa limeshazeeka. Rangi ya jani la mgomba, magurudumu ya spoku, boneti ndefu iliyofungwa kwa mikanda ya ngozi kama mzigo wa punda. Ukikaa ndani, magoti yako juu kuliko makalio. Bwana alilipenda. Alilifuta mwenyewe kwa kitambaa laini, na mpishi wake alikuwa akisema, “Lile ndilo bibi wa nyumba, sisi tunapika tu.”

Tatizo lilikuwa moja. Lilichemka. Kutoka shambani mpaka stesheni ya Same, tambarare tupu, linafika mshale wa joto umelala mwisho wa geji. Kuhusu kupanda Mbaga, ambako Bwana alitamani kwenda kupunga baridi kila Jumamosi, hata nusu ya mlima halikufika. Lilisimama kwenye kona ya mawe, linatoa mvuke na kukoroma. Na kila likirudi, maji ya rejeta yamepungua.

Mtu mwingine angesema gari lina joto. Bwana alisema kuna mtu anaiba maji.

Msimcheke upesi. Ilisemekana kwamba kule alikotoka, shamba jingine, kuna mtu aliwahi kumtilia sukari kwenye petroli, gari likazima, naye akalala porini. Tangu hapo hakuamini mkono wa mtu. Alihesabu nati. Alinusa chai kabla ya kunywa. Na maji kwetu pale yalikuwa haba, ya chumvichumvi, yanaletwa kwa tangi la kukokotwa na trekta. Mtu kuyataka si jambo la ajabu.

“Maji yangu nakwenda wapi?” akatuuliza, mimi na Kalasinga, tumesimama mbele ya boneti.

“Yanachemka, Bwana,” nikasema.

“Ulaya hii gari hapana chemka.” Akanitazama mikono, si uso. Nikaificha nyuma, na kuificha kwenyewe kukawa kosa la kwanza.

Kesho yake akaja na koleo ile ya stesheni, inayobana risasi kwenye waya ili mabehewa ya mkonge yasifunguliwe njiani. Akapitisha waya kwenye kifuniko cha rejeta, akabana risasi. Akalala chini na nguo zake nyeupe, akafunga hivyo hivyo na koki ya kutolea maji. Juu muhuri, chini muhuri. Koleo akaitia mfukoni. Kuanzia siku hiyo yeye peke yake ndiye aliyeongeza maji.

Na maji yakapungua, mihuri mizima.

Hapo ndipo karakana ilipoharibika. Kalasinga alinishuku mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeliosha gari. Mimi nilimshuku Kalasinga, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua njia za ndani. Nilikuwa nikifika asubuhi mapema nachuchumaa chini ya gari, nagusa vumbi kwa kidole kama nilivyogusa magimbi. Siku moja nikamwona na yeye amechuchumaa upande wa pili, tunatazamana kati ya magurudumu.

“Wewe natafuta nini?” akauliza.

“Spana.”

“Spana iko mkononi yako.”

Nilitazama. Ilikuwepo kweli. Nikacheka, maana nilimkumbuka baba mkubwa, lakini Kalasinga hakujua ninachocheka, akazidi kunishuku.

Hata hivyo alikuwa fundi, na fundi wa kweli akishuku hufanya kazi. Alichomoa kijiti cha oili aone kama imekuwa nyeupe kama maziwa, maana maji yakiingia kwenye oili ndivyo inavyokuwa. Ilikuwa safi. Bwana akakata mihuri yake mwenyewe, Kalasinga akaisafisha rejeta kwa siki, ikatema magamba meupe ya chumvi. Akabadilisha mkanda wa feni, akaifungua pampu ya maji akaifunga tena. Joto likapungua kidogo tu. Bwana akasema, “Nyinyi natengeneza kidogo makusudi, kesho natengeneza tena.”

Kilichonifungua akili ni ile mihuri. Kiganja kizima, maji yamepungua: basi usitazame kiganja, tafuta kaa. Siku moja Bwana aliporudi kutoka Same, kabla injini haijanyamaza, nililala chini. Kuna kibomba chembamba kinachotoka shingoni mwa rejeta na kushuka pembeni, cha kupumulia. Kilikuwa kinatema maji, kidogokidogo, yanaanguka kwenye vumbi na kukauka hapohapo kwa joto la Same. Mwizi ndiye huyo. Nikamwonyesha Kalasinga. Akainua mabega.

“Hiyo mimi najua toka siku ya kwanza. Likichemka natema. Sasa kwa nini nachemka? Hapo ndiyo kazi.”

“Mbona hukumwambia Bwana?”

“Nimesema mara tatu. Yeye nataka mwizi mwenye miguu.”

Basi nikaanza kuwaza kwa nini linachemka, mimi wa darasa la pili. Nikawaza kwa kitu nilichokijua, yaani mfereji. Ukifungulia maji na pembeni ya mlango kuna upenyo, maji hayapiti mlangoni, yanapita kwenye upenyo. Maji ni mvivu. Je, upepo? Nilichana mto wangu nikatoa usufi, nikangoja siku ambayo Kalasinga alikuwa ameiwasha injini boneti wazi, nikasimama mbele ya pua ya gari nikauachia kidogokidogo. Usufi haukushika kwenye rejeta. Uliikaribia, ukakata kona, ukapita pembeni kulia na kushoto, ambako palikuwa na mapengo ya kuingiza kiganja. Upepo wote ulikuwa unaizunguka rejeta. Mwingine ulikuwa ukitoka kwenye injini na moto wake na kurudi mbele tena.

Nilipaswa kumwita Kalasinga. Sikumwita. Nilimshuku kwamba atasema ni wazo lake. Nimesema nitaandika kweli, ndiyo hiyo.

Jumapili, watu wako kanisani, nilichukua udongo mwekundu wa kichuguu, nikaukanda na magamba ya mgomba niliyoletewa na akina mama wa kwetu waliokuja sokoni Same. Nikayaziba mapengo yale pande zote mbili na chini, nikalainisha vizuri. Kazi ilipendeza. Na mkono wangu, bila hata kuniuliza, ukafanya ulichofundishwa: ukabonyeza kiganja kwenye udongo mbichi.

Siku mbili gari lilikwenda kama limefufuka. Mshale ulisimama katikati. Bwana alirudi kutoka stesheni anapiga mluzi, na sisi tulikuwa hatujawahi kumsikia akipiga mluzi. Kibomba hakikutema hata tone. Nami nikakaa kimya, nasubiri siku ya tatu nijitokeze niseme ni mimi.

Siku ya tatu udongo ukakauka kwa moto wa injini. Ndiva hulindwa na unyevu wake. Kumbe mimi nimeziba kwa tope mahali pasipo na maji. Ukapasuka, vipande vikaangukia kwenye feni, feni ikavirusha kila upande. Gari likaingia karakana linalia kama linasaga karanga. Kalasinga akafungua boneti, akatazama ndani muda mrefu.

“Nani anajenga nyumba ndani ya gari?”

Bwana akasogea. Upande wa kulia bado kulikuwa na bonge moja limeshikilia, na juu ya bonge kiganja, vidole vitano vimekaa vizuri, kimoja cha kati kifupi. Alinishika mkono, akaulaza juu ya ule udongo. Ukaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

“Sasa napata mwizi,” akasema.

Nilieleza. Nilieleza ndiva, mfereji, usufi, kaa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga, na mimi mwenyewe nikijisikiliza nikaona naongea kama mwizi. Mtu gani anafanya wema kwa siri siku ya Jumapili?

“Jumamosi,” akasema, “mimi na wewe napanda Mbaga. Maji ikipungua, toka huko nakwenda bomani.”

Boma sikuliogopa sana. Niliogopa kwetu. Siku ya pili yake akina mama wa Mamba walioshuka na ndizi walikuwa wameshasikia, na mmoja wao, shangazi kwa ukoo, akaniuliza huku akipanga mikungu: “Shemeji zako wanasema unakunywa maji ya gari la Mzungu. Hayana ladha ya chuma?” Wenzake wakacheka. Halafu akaacha kucheka. “Baba yangu, hili likipanda mlimani, watakumbuka la baba yako mkubwa. Watasema ni damu.” Nilijua. Kwetu mwizi wa maji hanyimwi chakula wala hapigwi. Ananyimwa zamu. Mfereji unapita juu ya shamba lako unaenda kwa wengine, nawe unatazama. Mke wangu alikuwa kule na maharage ya kupanda. Zamu hiyo ndiyo iliyokuwa imepakiwa kwenye gari lile Jumamosi.

Kalasinga alishinda nyuma ya karakana. Jioni aliniita, nikadhani ananifukuza. Alikuwa amekata madebe mawili ya mafuta ya taa na kuyakunjua.

“Ule usufi,” akasema, “fanya tena nione.”

Nikafanya. Alitazama usufi ukikata kona, akashika ndevu zake.

“Kichwa yako mzuri,” akasema. “Udongo yako mbaya.”

Tulifanya kazi siku zilizobaki. Tulikunja bati kutoka kwenye wavu wa pua mpaka kwenye kingo za rejeta, kama mdomo wa faneli, upepo ukiingia usiwe na pa kwenda ila kati. Kingoni tukavisha vipande vya tyubu, bati lisikwaruze na upenyo usiwepo. Nyuma tukaizungushia feni pete ya bati ili ivute kupitia rejeta tu, isivute kutoka injini. Tukapiga ribiti. Hata hapo, wallahi, hatukuaminiana sawasawa. Nilikuwa nikikagua ribiti zake naye anakagua zangu. Lakini ilikuwa shaka ya watu wanaotaka kitu kimoja. Mwisho nikaachia usufi. Wote ulinata usoni mwa rejeta kama ukungu.

Jumamosi asubuhi Bwana akajaza maji mwenyewe, akafunga muhuri juu, akafunga chini, akajaribu kila mmoja kwa kuuvuta. Nikakaa kiti cha pili na debe la maji kati ya miguu. Hakusema shikamoo yangu ameisikia au la. Upepo wa Same siku hiyo ulitoka nyuma yetu, ndio mbaya kuliko wote, maana gari linakwenda na upepo wake na haliupati. Tukaanza kupanda. Yeye alitazama geji, nami nilimtazama yeye anavyoitazama. Mara mbili alinigeukia ghafla, kama atakayenikuta na mrija mdomoni.

Kona ya mawe. Mshale ukapanda kidogo, ukafikiri, ukakaa. Tukapita. Gari lile halikuwa limewahi kuipita kona ile. Hewa ikaanza kuwa baridi, migomba ikaanza kuonekana, na harufu ya udongo uliolowa ikaniingia puani. Mshale ulikuwa katikati, umelala kama mtu aliyeshiba.

Tulifika Mbaga kabla jua halijawa kali. Akazima injini. Akashuka, akachuchumaa chini ya kibomba, akagusa nyasi kwa vidole, akavinusa. Pakavu. Akangoja injini ipoe, muda mrefu, tumesimama kila mmoja upande wake wa gari. Halafu akatoa koleo, akakata waya, akafungua kifuniko, akatumbukiza kidole. Maji yalimfika kwenye kiungo cha kwanza. Yalikuwa yaleyale aliyotia asubuhi.

Mimi nilikuwa nasubiri. Sikutaka asante, na sikutarajia Mzungu anywe dengelua na mimi. Nilisubiri tu kitu chochote, hata kutikisa kichwa, hata ule mluzi wake. Kitu cha kusema neno limekufa, ili nikishuka Same nimwambie shangazi, naye aupandishe ujumbe mlimani.

Akarudisha kifuniko. Akatoa mfukoni waya mpya na risasi mpya. Akapitisha waya, akaibana risasi, akauvuta muhuri kuona kama umeshika.

“Sasa kurudi,” akasema. “Nataka ona na kurudi.”

Nililitua debe kando ya gurudumu la mbele. Nikatoa spana ya Kalasinga mfukoni nikaiweka juu ya boneti, kwenye ule mkanda wa ngozi, isichubue rangi. Kisha nikaigeuza mifuko yangu nje, mmoja baada ya mwingine, aone. Akaona.

“Wewe nakwenda wapi?”

Kutoka hapo mpaka Mamba kuna njia ya miguu inayopita mgongoni mwa mlima. Nikaishika. Aliita mara moja tu, halafu akapiga honi, halafu nikasikia injini inawaka, na hata kwa mbali nilijua kwa mlio kwamba haina joto. Kipande changu, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi na mshahara, kilibaki ofisini, blanketi na ule mto uliochanwa vikabaki kambini. Nilitembea mifuko ikining'inia nje mpaka kijito cha kwanza, hapo nikairudisha ndani nikanywa maji. Sikushuka tena.